Mobutu hakutawala peke yake

Nguza Karl-i-Bond alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alipokamatwa mwaka 1977. Alishtakiwa kwa uhaini, akateswa, akahukumiwa kifo. Hukumu ikapunguzwa ikawa kifungo cha maisha, na mwaka uliofuata akaachiwa. Mwaka 1979 alirudishwa kwenye wizara ileile. Mwaka 1980 akapandishwa kuwa waziri mkuu. Mwaka 1981 akabaki Ubelgiji, akajiuzulu huko huko, akaenda kutoa ushahidi dhidi ya Mobutu mbele ya Bunge la Marekani, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kizima cha kumshtaki. Mwaka 1985 akarudi Kinshasa. Mwaka 1986 akatumwa kuwa balozi Washington, mji uleule alikokwenda kumshtaki mkubwa wake. Mwaka 1988 akawa waziri wa mambo ya nje tena. Mfumo wa chama kimoja ulipovunjika akahamia upinzani, na Novemba 1991 akauacha upinzani ili awe waziri mkuu wa Mobutu kwa mara nyingine.

Nikiulizwa udikteta unafanyaje kazi, huwa naanza na Nguza. Mobutu namwacha baadaye. Ukiweza kueleza kwa nini Mobutu alimrudisha mezani mtu ambaye yeye mwenyewe alikaribia kumnyonga, na kwa nini mtu huyo alikubali kurudi, umekwisha kueleza sehemu kubwa ya yale ambayo wataalamu wa sayansi ya siasa wamekuwa wakiyachimba kwa zaidi ya miaka 60.

Mimi ni mtoto wa Kigoma. Ng'ambo ya ziwa ilikuwa Zaire, na habari zake zilivuka na maboti pamoja na vitenge na abiria: ndege ya Concorde iliyokodiwa kwenda kutua Gbadolite, kwao Mobutu, kasri lililojengwa msituni, kofia ya ngozi ya chui, taarifa ya habari ya televisheni iliyofunguliwa kwa sura ya Mobutu ikitokeza mawinguni. Wakubwa walisimulia, watoto tukasikiliza midomo wazi. Hadithi zote zilikuwa za mtu mmoja. Hakuna aliyetuambia ni nani aliyetia saini hundi ya ile ndege, au ni ofisa gani aliyekaa ofisini kwake akaona inafaa picha ile ya mawingu irushwe kila jioni. Nilipoanza kusoma siasa linganishi chuoni ndipo nilipokutana na watu ambao maswali ya namna hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku, na tangu hapo sijaweza kuachana nayo.

Taaluma yenyewe haikuanzia hapo. Baada ya Vita Kuu ya Pili wasomi walikuwa wanawaza juu ya Hitler na Stalin, na mwaka 1951 mwanafalsafa Hannah Arendt akauweka mbele ya ulimwengu utawala unaotaka kuingia hadi ndani ya kichwa cha raia, usimwachie hata upweke wake. Ilikuwa kazi kubwa, lakini iliacha nchi nyingi nje. Juan Linz, Mhispania aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1926, aliitazama Hispania ya Franco na akaona haifanani na picha ile. Franco hakuwa na itikadi nzito ya kumezesha watu. Alipenda raia wakae majumbani mwao kuliko waandamane, hata kama maandamano yenyewe yangekuwa ya kumsifu. Kanisa lilikuwa na nafasi yake, jeshi na yake, matajiri na yao, wanaotaka ufalme urudi na yao, wote wakijua mpaka ulipo ingawa haukuandikwa popote. Mwaka 1964 Linz akatoa andiko lililoupa utawala wa aina hiyo mahali pake katika taaluma: si demokrasia, wala si ule wa Stalin. Ninachomshukuru ni kwamba alitulazimisha kuwahesabu waliomzunguka Franco, na kuuliza kila kundi lilipewa nini na likanyimwa nini.

Nusu karne baadaye hesabu hiyo ilifanywa kwa dunia nzima. Mtaalamu wa sayansi ya siasa Milan Svolik alikusanya taarifa za viongozi wa kidikteta walioondolewa madarakani nje ya utaratibu wa katiba kati ya mwaka 1946 na 2008. Aliwapata 303. Walioondolewa na umma uliojaa barabarani walikuwa 32. Wengine 30 waliachia baada ya kushinikizwa kufungua milango ya demokrasia, 20 waliuawa, na 16 waling'olewa na majeshi ya kigeni. Waliobaki, 205, waliangushwa na watu wa ndani ya utawala wao wenyewe: majenerali, mawaziri, makamu, walinzi. Ni theluthi mbili na ushee.

Nilipoiona hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niliikalia muda mrefu. Sisi tulioko nje ya ikulu tunadhani dikteta hulala akituogopa sisi. Anatuogopa, ndiyo, na ndiyo maana ana polisi na magereza. Lakini kinachomkosesha usingizi kimekaa naye chumba kimoja, kinamwita mheshimiwa, na kinajua mlango wa nyuma uko wapi.

Svolik anaeleza chanzo cha hofu hiyo kwa namna ambayo kwangu inafungua mengi. Katika nchi yenye mahakama zinazofanya kazi, wanasiasa wawili wakikubaliana jambo na mmoja akavunja, kuna wa kumshtakia. Ndani ya udikteta hakuna. Kiongozi akikuahidi kwamba utabaki na wizara yako, au na roho yako, ahadi hiyo haina mdhamini. Na wewe ukimwahidi kwamba humpindui, naye hana pa kuipeleka ahadi yako. Kilichobaki katikati yenu ni nguvu, na kila mmoja anamvizia mwenzake asije akazidiwa.

Zaire ililipa bei ya jambo hilo mapema. Mobutu alichukua nchi tarehe 24 Novemba 1965. Juni mwaka uliofuata aliwanyonga hadharani mjini Kinshasa wanasiasa wanne, mmoja wao Évariste Kimba aliyepata kuwa waziri mkuu, mbele ya umati wa maelfu. Mwaka 1968 ikafika zamu ya Pierre Mulele, aliyeongoza uasi wa Kwilu na wakati huo akiwa Brazzaville, ng'ambo ya Mto Kongo. Waziri wa mambo ya nje wa Mobutu alivuka mto kwenda kumchukua akiwa na ahadi ya msamaha. Mulele akavuka, akapokelewa kwa karamu. Siku chache baadaye aliuawa, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba msamaha ule haukuwahusu watu wa aina yake.

Baada ya Mulele, neno la Mobutu lilikuwa na thamani gani? Hapo ndipo penye kufundisha. Mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba kiapo chake hakishiki hawezi kuwafunga wenzake kwa kiapo. Anahitaji kamba nyingine, na Mobutu alizisuka mbili.

Ya kwanza ilikuwa mzunguko wa vyeo. Mawaziri hawakukaa. Aliyepewa wizara alijua anaweza kuondolewa kwa tangazo la redio, na aliyeondolewa alijua anaweza kuitwa tena, hivyo kila mmoja alichota upesi alipokuwa ndani na kunyamaza alipokuwa nje, akisubiri simu. Ya pili ilikuwa mali. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitakabidhiwa kwa Wazaire. Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengineo waliokuwa wakiuza chumvi na sabuni hadi ndani vijijini wakanyang'anywa. Mali zikaenda kwa makada wa chama, maofisa na jamaa zao, Mobutu mwenyewe akiwa mbele ya wote. Wengi waliopewa maduka waliuza kilichokuwa rafuni, wakafunga milango. Kwa uchumi ilikuwa maafa, na nchi haikupona. Kwa utawala, naamini ilifanya kazi barabara, maana kila aliyepewa duka la mtu mwingine alikuwa na cha kupoteza Mobutu akianguka, na jina lake lilikuwa katika jalada ambalo Mobutu angeweza kulifungua siku yoyote akataka kumfunga kwa wizi.

Ukimrudia Nguza ukiwa na kamba hizi mbili mkononi, mwenendo wake hausomeki tena kama maisha ya mtu asiye na msimamo. Kumrudisha kulimfaa Mobutu kuliko kumuua. Kila mpinzani aliyekuwa Brussels au Paris akijitolea kupinga alimwona Nguza akipanda ndege kurudi, na tangu siku hiyo asingeweza kumwamini aliyekaa naye meza moja. Upinzani ukageuka foleni ya kusubiri cheo. Kwa upande wake, Nguza alikuwa mtu wa jimbo la Katanga, mpwa wa Moïse Tshombe aliyeliongoza jimbo hilo lilipojitenga, mwenye watu nyuma yake na asiye na mahali pa kuwatumikia nje ya dola ambayo milango yake yote ilishikwa na mtu mmoja. Sisemi haya kumsafisha. Januari 1992, akiwa waziri mkuu, ni yeye aliyetangaza kusimamishwa kwa Mkutano Mkuu wa Kitaifa uliokuwa ukijadili mustakabali wa nchi. Waumini walipoandamana Kinshasa tarehe 16 Februari kudai mkutano urudi, askari waliwapiga risasi, wakafa kwa makumi. Na chama chake huko Katanga kilikuwa mstari wa mbele katika kuwafukuza watu wa asili ya jimbo la Kasai, maelfu kwa maelfu, wakilala kwenye vituo vya reli wakingoja treni za kuwatoa katika miji waliyozaliwa.

Kuna kisa kimoja kutoka Lubumbashi, mji mkuu wa Katanga, ninachokipenda kuliko nadharia zote, na kimetokea katika Kiswahili. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa mezani na marafiki zake pale mjini. Kuku akaletwa, na firigisi ikawekwa mbele yake kwa heshima. Sisi wa pwani na wa ziwani hatuhitaji kuelezwa: firigisi ni ya baba, au ya mgeni aliyepewa nafasi ya baba. Fabian hakutaka kuila peke yake. Akaambiwa kwa Kifaransa msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Aliushika msemo huo akaupeleka kwa kundi la maigizo la Mufwankolo, maarufu kwa watu wa Katanga kwa michezo yake ya redio na televisheni, akawauliza una maana gani. Wale waigizaji hawakumjibu kwa sentensi moja. Walikaa wakabishana kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, wakatunga mchezo mzima juu ya chifu na kijiji chake, wakaufanyia mazoezi, wakaucheza.

Nawaza sana juu ya watu wale. Zaire bado ilikuwa nchi ya chama kimoja, na wao walijadili madaraka ni nini, nani anayala na nani anabaki na mifupa, kwa lugha ambayo muuza mboga wa Lubumbashi angeielewa. Hakuna aliyewaita wanazuoni. Kwangu mimi ni miongoni mwa waliosoma udikteta kwa makini kabisa, kwa sababu walisoma wakiwa ndani yake. Ila nikiuweka msemo wao kando ya hesabu ya Svolik, naona Mobutu alidumu miaka 32 kwa sababu hakuila firigisi nzima. Aliikata vipande, akajua nani apewe kipande gani, na akahakikisha hakuna aliyeshiba kiasi cha kusimama.

Upo upande mwingine wa taaluma hii ambao unanigusa zaidi, nao ni swali la ukweli. Ronald Wintrobe, mchumi, aliliweka hivi mwaka 1998: kadiri mtawala anavyotisha, ndivyo watu wanavyozidi kumsifu, na kadiri wanavyomsifu ndivyo anavyozidi kutojua ni nani hasa anampenda. Vitisho vinamnunulia utii na kumnyang'anya habari kwa wakati mmoja.

Ujijini tulikuwa na jirani tuliyemwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi Kalemie miaka ya 1970 na 1980 kabla ya kuvuka ziwa. Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, likizo, nilikwenda kumwamkia na kumwuliza juu ya ile ngoma ya chama waliyoiita animation. Alinieleza kwamba kila shule na kila ofisi ilikuwa na kikundi, nyimbo za kumsifu Mobutu zilipangwa na hatua za miguu zilipangwa, na kukiwa na mgeni wa serikali masomo yalisimama wiki nzima ili watu wafanye mazoezi. Sare ilikuwa kitenge chenye sura ya Mobutu, na mwalimu alikatwa bei yake kwenye mshahara ambao wenyewe ulichelewa miezi.

"Mwanangu," akaniambia, "pale shuleni mimi ndiye niliyekuwa nacheza kuliko wote. Nilikuwa natoka jasho hadi kitenge kinanata mgongoni. Mdogo wangu alikuwa porini Fizi, na waasi. Sasa wewe ungekuwa mimi, ungecheza polepole?"

Nikamwuliza alikuwa akimwogopa nani hasa. Akasema mkuu wa shule, maana ndiye aliyepeleka ripoti kwa watu wa usalama. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulikuta kitabuni likiwa wazi namna ile. Baada ya vita vya 1996, mkuu yuleyule alikuja naye akiwa mkimbizi, wakakutana mkoani kwetu, wakakaa. Mkuu akamwambia kwamba miaka ile yote alikuwa akimwogopa Mwalimu, kwa kuwa mtu anayecheza kwa bidii kiasi kile lazima awe ametumwa na usalama kumchunguza yeye.

Mchumi Timur Kuran alilijengea nadharia jambo hilo baada ya serikali za kikomunisti za Ulaya Mashariki kuanguka mwaka 1989 na kuwashangaza hata waliozipinga. Kila mtu ana maoni mawili, la moyoni na la hadharani. Nikificha la moyoni, nawasaidia jirani zangu waamini kwamba wako peke yao, nao wakificha lao wananifanya niamini hivyohivyo. Nchi nzima inaweza kumchoka mtawala huku kila mmoja akidhani ni yeye tu aliyechoka. Ndiyo maana tawala hizi huonekana imara hadi wiki ya mwisho.

Uchaguzi wa Zaire wa mwaka 1970 unapata maana katika mwanga huo. Mobutu alikuwa mgombea pekee, na katika kura zaidi ya milioni 10 zilizotangazwa, za hapana zilikuwa 157. Hakuna mtu mzima aliyeiamini namba ile, na haikutolewa iaminike. Ilitolewa ili yule aliyekuwa akiwaza hapana ajue kwamba hata kura yake iliyokuwa sandukuni imeweza kupotezwa bila mtu kunyanyua mdomo.

Na jambo la kinyume likatokea miaka 20 baadaye. Januari 1990 Mobutu alianza kuzunguka nchi akiwataka wananchi waseme wanavyouona utawala. Sijui kama aliamini sifa zake mwenyewe, lakini alivyolipanga zoezi lile inaonyesha hakutegemea majibu aliyoyapata. Zilimjia hati zaidi ya 6,000. Ziliandikwa na watumishi wa umma, walimu, wanafunzi, maaskofu, wafanyakazi wa wizara zake mwenyewe, na nyingi zilimwambia waziwazi kwamba yeye na chama chake ndio waliouharibu uchumi na nchi. Walewale waliocheza ngoma. Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele nje kidogo ya Kinshasa, alitangaza mwisho wa chama kimoja huku sauti ikimkatika na machozi yakimtoka. Kumbuka kwamba rafiki yake Nicolae Ceaușescu wa Romania alikuwa amepigwa risasi pamoja na mkewe sikukuu ya Krismasi iliyotangulia, na dunia nzima iliiona ile mikanda.

Swali ambalo wasomaji huniuliza mara nyingi ni hili: mtafiti anapata wapi habari za kuaminika katika nchi ambayo kila mtu anacheza ngoma? Jibu la kweli ni kwamba anazipata kwa taabu, na mara nyingine kwa gharama ya mwenyeji. Mtaalamu wa siasa Michael Schatzberg alifanya utafiti katikati ya miaka ya 1970 Lisala, mji aliozaliwa Mobutu, akatazama dola kutoka chini, kwa karani wa wilaya, mfanyabiashara wa bia, askari wa kizuizini. Yeye alikuwa Mmarekani na pasipoti yake ilimlinda. Ernest Wamba dia Wamba, Mkongo aliyekuwa akifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuwa na kinga hiyo. Alipokwenda nyumbani mwaka 1981 aliwekwa kizuizini kwa sababu ya maandishi yake. Mgeni aliyeandika aliitwa mtaalamu wa Zaire. Mwenye nchi yake alipoandika mambo hayohayo aliitwa mchochezi.

Kwa sababu hiyo nina shukrani na pia wasiwasi kwa takwimu ambazo ndizo zimeitawala taaluma kwa sasa. Barbara Geddes, mtaalamu wa sayansi ya siasa, ndiye aliyefungua njia mwaka 1999 kwa kuzigawa tawala hizi kufuatana na nani anashika maamuzi: jeshi kama taasisi, chama, au mtu na jamaa zake. Mgawanyo rahisi, lakini ulionyesha kitu. Tawala za kijeshi zilidumu wastani wa miaka 9 hivi, za mtu binafsi 15, za chama kimoja karibu 23. Wanajeshi wana kambi ya kurudi, kwa hiyo hukubali kuondoka. Mtu binafsi hana pa kurudi, basi huondoka kwa damu, na mara nyingi anayemfuata huja na udikteta wake. Katika majedwali ya namna hiyo, Zaire yote ya Mobutu huwa mstari mmoja. Miaka 32, aina: mtu binafsi. Mkuu wa shule wa Kalemie hayumo, na Nguza hayumo. Jedwali linakuambia nini hutokea. Ukitaka kujua kinatokeaje, inabidi ukae na akina Mwalimu.

Kilivyotokea Zaire kinaumiza kukisimulia. Aliyeogopa kupinduliwa hakuthubutu kuwa na jeshi moja lenye nguvu. Mobutu alikuwa na kikosi maalumu cha ulinzi wa rais kilichojazwa watu wa kabila lake la Wangbandi na kilicholipwa, kisha akaunda walinzi wa raia, kisha vyombo vya usalama vinavyochunguzana, na jeshi la kawaida akaliacha lioze. Septemba 1991 askari wa miamvuli wa Kinshasa ambao hawakulipwa walianza kupora mji, na wananchi wakafuata. Januari 1993 walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5 ambazo wenye maduka walizikataa, wakapora tena, safari hii na balozi wa Ufaransa akapoteza maisha. Waasi walioungwa mkono na Rwanda na Uganda walipoanza safari kutoka mashariki Oktoba 1996, jeshi hilo halikupigana. Lilikimbia likiwapora raia njiani. Jenerali Mahele, miongoni mwa wachache walioheshimika kwa kupigana, alijaribu usiku wa tarehe 16 Mei 1997 kuwasihi walinzi wa rais wasiigeuze Kinshasa uwanja wa vita. Wakamuua kwa kumwita msaliti. Mobutu alikuwa ameondoka siku ileile. Alifariki Rabat Septemba 1997.

Aliyeingia Kinshasa alikuwa Laurent-Désiré Kabila, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na makazi Dar es Salaam, na askari wake wengi walisema Kiswahili. Kigoma watu walishangilia. Mwishoni mwa mwezi huohuo wa Mei akatoa amri iliyompa yeye mwenyewe mamlaka ya kutunga sheria na ya kutawala, shughuli za vyama zikasimamishwa, na Februari 1998 Étienne Tshisekedi, aliyempinga Mobutu tangu ile barua ya wabunge 13 ya mwaka 1980 iliyoukosoa utawala wake, akapelekwa kuzuiliwa kijijini kwao, kama Mobutu alivyomfanyia. Januari 2001 Kabila alipigwa risasi ofisini na mlinzi wake mwenyewe. Siku 10 baadaye mwanawe aliapishwa. Waliokuwa wamezoea kuhesabu watu wa karibu na kiongozi hawakuhitaji kumsoma moyo Kabila ili wawe na hofu. Walitazama kama mahakama imepata nguvu ya kushika ahadi, kama jeshi limepata mshahara, kama mali ya umma imepata mlinzi, na hawakuona.

Ule Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulirudi mwaka 1992 chini ya Askofu Mkuu Laurent Monsengwo na kufungwa Desemba mwaka huo. Uliunda tume nyingi, mbili zikiwa nzito kupita nyingine: ya mauaji, na ya mali zilizopatikana isivyo halali. Ripoti zao hazikujadiliwa hadharani. Ndani yake kuna majina ya waliotia saini, waliobeba, waliopokea, na waliokaa kimya wakapewa nyumba. Mimi ningetoa vitabu vyangu vyote vya nadharia nipate kusoma kurasa hizo.

Wenye habari hizo wanafariki sasa. Nguza alifariki mwaka 2003, na makarani, madereva, wapiga chapa na viongozi wa vikundi vya ngoma wa enzi zile wamekuwa wazee wa miaka 70 na 80 huko Lubumbashi, Bukavu, Kalemie, na upande wetu huu katika kambi ya Nyarugusu na mitaa ya Ujiji. Wengi hawajawahi kuulizwa, kwa sababu kila mtafiti anayekuja anataka hadithi ya Mobutu. Kama una baba au bibi wa kundi hilo, mwulize alikuwa akipokea amri kutoka kwa nani, ziliandikwa au zilisemwa, alilipwa nini zilipotekelezwa, na alimwogopa nani ofisini. Andika kwa maneno yake, na kama ana kadi ya chama au barua ya uteuzi, ipige picha. Anwani yangu iko chini ya ukurasa. Nimeanza kukusanya ya Kigoma na Kalemie, na naomba hasa watu wa Uvira, Baraka na Fizi.